Seva ya Barua Pepe ya Kampuni: Huria au ya Kulipia?

Seva ya barua pepe hufanya kazi tatu zilizokuwa za posta: kupokea barua zinazotoka nje, kupeleka zinazokwenda nje, na kuzitunza zilizofika mpaka mwenyewe azisome. Kupeleka na kupokea kati ya seva na seva hufuata itifaki ya SMTP, ambayo Jon Postel aliiandika mwaka 1982 katika waraka wa RFC 821. Kusoma kwa simu au kompyuta hufuata IMAP, au POP3, ambayo kwa kawaida huzishusha barua kwenye kifaa kimoja na kuzifuta kwenye seva. Itifaki hizi hazina mwenyewe. Seva iliyoundwa Mwanza kwa programu ya bure huandikiana na seva za Google au Microsoft kokote ziliko, na anayepokea barua hana haja ya kujua kama seva iliyoituma ilinunuliwa au ilipakuliwa. Kwa hiyo swali la huria au kulipia halihusu barua yenyewe. Linahusu kazi iliyo nyuma yake: nani anaifanya, analipwa na nani, na nani anaamka saa nane za usiku foleni ya barua inapokwama.

Njia ziko nne

Programu huria ni ile ambayo msimbo wake uko wazi na leseni yake inamruhusu yeyote kuitumia, kuichunguza, kuibadilisha na kuigawa. Exim ilianzishwa na Philip Hazel katika Chuo Kikuu cha Cambridge mwaka 1995. Postfix iliandikwa na Wietse Venema akiwa mtafiti wa IBM, ikatolewa mwaka 1998. Dovecot, inayotunza masanduku ya barua na kuyafungua kwa IMAP, ilianza mwaka 2002 mikononi mwa Timo Sirainen wa Finland. Upande wa kulipia mkongwe ni Microsoft Exchange, iliyoingia sokoni mwaka 1996. Siku hizi wateja wake wengi huikodi ikiwa ndani ya Microsoft 365, kwa jina la Exchange Online, kama wengine wanavyokodi Google Workspace au Zoho Mail.

Nyuma ya mgawanyo huo wa pande mbili kuna mgawanyo mwingine, wa seva iko mikononi mwa nani. Kampuni inaweza kusimika programu huria kwenye seva yake. Inaweza kutumia programu huria iliyosimikwa na mtu mwingine. Inaweza kununua leseni ya Exchange na kuiweka kwenye chumba chake. Au inaweza kukodi huduma ya kibiashara kwenye wingu. Njia ya pili imeenea kuliko watu wanavyodhani: kampuni ndogo ya Arusha au Nakuru iliyonunua tovuti na barua pepe kwa malipo mamoja ya mwaka, na inayoingia kwenye cPanel kuongeza akaunti za wafanyakazi wapya, tayari inatumia Exim na Dovecot. Mwenyewe huenda akaapa kwamba hajawahi kugusa programu huria.

Njia ya tatu inaweza kumalizwa kwa maneno machache. Exchange 2016 na Exchange 2019 ziliacha kupata msaada wa Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, na kilichobaki kwa anayetaka kuisimika mwenyewe ni toleo la malipo endelevu. Juu ya leseni ya Exchange kuna leseni ya Windows Server, kuna leseni ya kila mtumiaji, na kuna mashine yenyewe: kwa Exchange 2019 Microsoft ilipendekeza kumbukumbu isiyopungua GB 128. Benki au shirika kubwa lenye wataalamu wa Windows na mfumo wa Active Directory uliokwisha kukomaa linaweza kuwa na sababu ya kubaki huko. Kampuni ya watu hamsini inayoanza leo haina sababu.

Mabishano ya kweli, basi, ni kati ya njia ya kwanza na ya nne, na njia ya pili ikiwa imekaa katikati kama makao ya muda.

Kilichomo ndani ya seva huria

Anayechagua Exchange Online au Gmail ya kampuni hupata kitu kimoja. Anayechagua huria hupata vipande. Postfix hupeleka na kupokea. Dovecot hutunza. Rspamd au SpamAssassin huchuja barua taka, ClamAV hukagua viambatisho, Roundcube humpa mfanyakazi ukurasa wa kusomea barua kwenye kivinjari. Cheti cha usalama hutolewa bure na Let's Encrypt, na kwa kuwa kimekuwa cha siku 90, lazima pawepo programu ya kukihuisha yenyewe. Kisipohuishwa kwa wakati, asubuhi moja simu zote za ofisi hukataa kufungua barua, na mkurugenzi ndiye huwa wa kwanza kupiga simu.

Fundi anayevijua vipande hivi huviunganisha kwa siku chache. Asiyevijua ana vifurushi vilivyokwisha kuunganishwa, kama mailcow, iRedMail na Mail-in-a-Box. Mailcow, kwa mfano, huendeshwa kwa Docker, hutaka kumbukumbu ya GB 6 au zaidi, na huja na SOGo, inayoongeza kalenda na orodha ya anwani za pamoja. Vifurushi hivi vimepunguza sana ugumu wa kusimika. Ugumu wa kutunza uko palepale, na hapo ndipo wengi hudanganyika: seva iliyosimama mchana mmoja kwa kufuata maelekezo humpa mtu imani kwamba kazi imekwisha, kumbe ndiyo imeanza.

Kabla ya kuamua juu ya kifurushi chochote, ni vyema kuangalia nani anakishika. Zimbra ilikuwa kwa miaka mingi jibu la haraka kwa kampuni iliyotaka kitu kinachofanana na Exchange bila kulipia. Ilinunuliwa na Yahoo mwaka 2007, ikauzwa kwa VMware mwaka 2010, ikaenda Telligent mwaka 2013, kisha Synacor mwaka 2015. Kuanzia toleo la 9, mwenye nayo aliacha kutoa toleo la bure lililo tayari kusimikwa. Msimbo ukabaki wazi, lakini anayeutaka aujenge mwenyewe. Msaada wa toleo la 8.8.15, la mwisho kutolewa tayari kwa bure, ulikoma mwishoni mwa mwaka 2023. Seva nyingi za Zimbra bado zinapumua na toleo hilo, na hiyo ni hatari iliyo wazi. Upande wa pili nao haukosi mageuko ya aina hiyo: mwaka 2022 Google iliifuta huduma ya bure ya G Suite, jina la zamani la Google Workspace, iliyokuwa imepewa kampuni ndogo tangu zamani, na kampuni zilizoizoea zikaambiwa zilipe au zihame.

Hesabu ya fedha

Programu huria haina bei ya leseni, na hapo ndipo wenye kampuni wengi huishia kusoma. Hesabu kamili ina mistari mitatu: mahali pa kuiweka, mtu wa kuitunza, na hasara ya siku isipofanya kazi.

Tuchukue mfano wa kampuni ya watu 40. Mwaka 2024 kifurushi cha Microsoft 365 Business Basic, chenye sanduku la GB 50, kilikuwa dola 6 kwa mtumiaji kwa mwezi kwa mkataba wa mwaka. Watu 40 ni dola 240 kwa mwezi, yaani dola 2,880 kwa mwaka kabla ya kodi. Seva ya kukodi inayowatosha watu hao, pamoja na mahali pa nakala rudufu, ikadiriwe kuwa dola 80 kwa mwezi, sawa na 960 kwa mwaka. Tofauti ni dola 1,920, ambazo ni dola 160 kwa mwezi. Swali la kampuni ni hili: kuna mtu anayejua Linux, DNS na barua pepe, atakayeikagua seva kila wiki na kupokea simu Jumapili, kwa dola 160 kwa mwezi? Kama yumo ofisini tayari na muda anao, huria inaokoa fedha. Kama hayumo, rahisi ghali.

Kwa watu 200 hesabu hugeuka. Huduma ya kulipia inafika dola 14,400 kwa mwaka, kwa sababu kila kichwa kinalipiwa. Seva huria haijali vichwa. Inajali diski na wingi wa barua. Hata gharama ya seva ikiongezwa hadi dola 200 kwa mwezi, hubaki dola 12,000 kwa mwaka, na dola 1,000 kwa mwezi ni fedha inayoweza kumweka fundi hodari na bado pakabaki kitu. Ndiyo maana vyuo vikuu, vyenye maelfu ya wanafunzi, vilikuwa ngome ya seva huria tangu mwanzo.

Bei za wingu hupangwa kwa dola, na hilo nalo lina uzito wake. Januari 2024 dola moja ilifika karibu shilingi 160 za Kenya, kisha katikati ya mwaka huohuo ikashuka hadi karibu 130. Bajeti ya barua pepe iliyoandikwa kwa shilingi ilipanda na kushuka nayo bila hata mfanyakazi mmoja kuongezeka. Kuna pia kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 16 Kenya na 18 Tanzania Bara, ambayo mara nyingi husahaulika pale bei ya tovuti ya muuzaji inaponakiliwa moja kwa moja kwenye bajeti. Kununua kupitia wakala wa ndani anayetoa ankara kwa shilingi hupunguza maumivu ya kadi ya benki kukataliwa, tatizo ambalo limewahi kuzima barua za kampuni nzima kwa sababu ya malipo madogo.

Njia moja ya kupunguza gharama ya wingu ni kutomnunulia kila mtu kifurushi kilekile. Dereva anayepokea ratiba tu hahitaji sanduku la GB 50. Anwani kama info@ au mauzo@ zinaweza kuwa masanduku ya pamoja, ambayo kwenye Microsoft 365 hayalipiwi leseni hadi yafike GB 50.

Barua kutoka na kufika

Ugumu mkubwa wa seva huria ya kujiendeshea si kupokea barua. Ni kuzifanya za kwako zipokewe. Barua taka zimefanya seva kubwa za dunia kuwa na wasiwasi na kila mgeni, na seva mpya yenye anwani ya IP isiyojulikana ni mgeni.

Kizuizi cha kwanza ni poti 25, ambayo seva hutumia kupelekeana barua. Watoa huduma wengi wa seva za kukodi huifunga. Google Cloud huizuia. AWS huibana mpaka mteja aombe ifunguliwe na aeleze sababu. Kizuizi cha pili ni historia ya anwani yenyewe: aliyeitumia kabla yako anaweza kuwa aliichafua, na orodha za Spamhaus, shirika linaloorodhesha anwani zinazotuma barua taka, hazisahau upesi. Anwani za intaneti ya kawaida ya ofisini na nyumbani nazo mara nyingi zimo kwenye orodha maalumu ya Spamhaus inayosema wazi kwamba barua zisitokee huko moja kwa moja. Seva iliyo chini ya meza ya mapokezi, imeunganishwa kwa laini ya fiber ya ofisi, huweza kupokea vizuri sana huku kila inachotuma kikiishia kwenye barua taka.

Kisha zinakuja rekodi za DNS. PTR hurudisha jina kutoka kwenye anwani ya IP, na lazima jina hilo lilingane na lile ambalo seva inajitambulisha nalo; hupangwa na mwenye anwani, yaani mtoa huduma, kwa hiyo fundi hulazimika kuomba. SPF hutangaza ni seva zipi zina ruhusa ya kutuma kwa jina la kikoa cha kampuni, na ina mpaka ambao wengi huugonga bila kujua: hairuhusu zaidi ya maulizo kumi ya DNS. DKIM huweka sahihi ya kidijitali kwenye kila barua. DMARC huwaambia wapokeaji wafanye nini na barua iliyoshindwa mitihani hiyo, na huomba taarifa zirudishwe kwa mwenye kikoa.

Mambo haya zamani yalikuwa adabu nzuri. Sasa ni masharti. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo hudai kila mtumaji awe na uthibitisho wa SPF au DKIM, na anayetuma barua 5,000 au zaidi kwa siku awe navyo vyote viwili pamoja na DMARC, na malalamiko ya barua taka yasifike asilimia 0.3.

Anayekodi wingu huondolewa mzigo wa anwani za IP, lakini rekodi za DNS zinabaki kazi yake. Hili ni kosa la kila siku: kampuni inahamia Microsoft 365, mtu wa IT anaweka SPF na MX (rekodi inayoonyesha seva ya kupokea barua za kikoa), anaisahau DKIM, halafu mfumo wa uhasibu unaotuma ankara kutoka seva nyingine unaachwa nje ya SPF kabisa. Barua za wafanyakazi zinafika, ankara hazifiki. Wateja hawalipi, na idara ya mauzo inawalaumu wateja. Kwa sababu hiyo, kabla ya kupandisha DMARC kutoka kutazama tu hadi kukataa, ni vyema kusoma taarifa zake kwa wiki kadhaa na kuorodhesha kila mfumo unaotuma kwa jina la kampuni: mashine ya kunakili inayotuma karatasi kwa barua pepe, mfumo wa mishahara, fomu ya tovuti.

Kwa kampuni inayotaka huria lakini haitaki vita vya IP, kuna njia ya katikati ambayo inastahili kutumika zaidi. Seva yake hupokea na kutunza barua zote, lakini za kutoka huzipitisha kwa msafirishaji wa kulipia, kama Amazon SES au Mailgun, ambaye anwani zake zinajulikana. Kwenye Postfix hilo ni suala la mistari michache ya mpangilio. Data inabaki nyumbani, barua zinafika, na malipo hufuata idadi ya barua badala ya idadi ya watu. Tatizo la jirani mchafu kwenye seva za pamoja za cPanel, ambapo tovuti moja iliyodukuliwa huwafungia milango wenzake mia, hutibika kwa dawa hiyohiyo pale mwenye seva anapoikubali.

Usalama na nakala

Wauzaji wa pande zote mbili hudai usalama. Rekodi inasema vingine. Machi 2021 matundu ya Exchange yaliyopewa jina la ProxyLogon yaliwafungulia wadukuzi maelfu ya seva duniani, na seva zilizoathirika ni zile zilizosimikwa na kampuni zenyewe. Exchange Online haikuguswa na matundu hayo. Juni 2019 ilikuwa zamu ya Exim: tundu lililomruhusu mtu wa mbali kuendesha amri kwenye seva lilitangazwa, na mashambulizi yakaanza ndani ya siku chache. Waliokuwa wameshasasisha hadi toleo la 4.92, lililotoka miezi michache kabla, hawakuwa na la kuogopa. Katika visa vyote viwili, aliyeumia zaidi ni aliyechelewa kusasisha, awe alilipia au hakulipia. Kampuni isiyoweza kuahidi kwamba seva yake itasasishwa ndani ya wiki moja tangu kiraka kutoka haifai kuwa na seva yake.

Wingu huondoa wasiwasi wa viraka, lakini huleta mlango mmoja ambao dunia nzima inajua ulipo. Barua za hadaa zinazoiga ukurasa wa kuingilia wa Microsoft zipo kwa sababu ukurasa huo ni uleule kwa kila kampuni. Mdukuzi akipata nywila ya mhasibu husoma kimya kwa wiki, kisha hujibu barua halisi ya mteja akibadilisha namba ya akaunti ya benki kwenye ankara. Uthibitisho wa hatua mbili kwa kila akaunti, kuanzia ya mkurugenzi ambaye ndiye hukawia kuukubali, ni sharti la njia zote.

Nakala rudufu zina dhana moja ya kung'oa: kwamba kilicho kwenye wingu kimehifadhiwa milele. Kwenye Exchange Online, barua iliyofutwa kabisa hubaki ikiweza kurudishwa kwa siku 14 kwa mpangilio wa kawaida, na 30 zikiongezwa. Baada ya hapo imekwenda. Kampuni inayoweza kuitwa mahakamani au kukaguliwa na mamlaka ya mapato inahitaji nakala yake mahali pengine. Kwenye huria kazi ni nyepesi, kwani Dovecot ikitumia muundo wa Maildir kila barua ni faili moja. Wepesi huo hauna maana kama nakala zinakaa kwenye diski ileile, au kama hakuna aliyewahi kujaribu kuzirejesha.

Sheria, nyaya na umeme

Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Sheria ya Tanzania ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, hazikatazi kutumia wingu la nje. Zinaweka masharti ya kusafirisha taarifa binafsi nje ya nchi, na hospitali, chama cha akiba na mikopo au kampuni ya bima inapaswa kumwuliza mwanasheria kabla ya kumwuliza muuzaji. Kwa taasisi za umma za Tanzania swali limekwisha kujibiwa: ziko kwenye mfumo wa barua pepe serikalini, GMS, unaosimamiwa na Mamlaka ya Serikali Mtandao.

Serikali za kwingine zimeanza kuliangalia jambo hili kwa jicho la uhuru. Jimbo la Schleswig-Holstein, kaskazini mwa Ujerumani, lilikamilisha Oktoba 2025 kuhamisha masanduku zaidi ya 40,000 kutoka Exchange na Outlook kwenda Open-Xchange na Thunderbird. Mfano huo hupendwa sana na watetezi wa huria. Unafaa kutajwa pamoja na ukweli kwamba jimbo hilo lina bajeti, wataalamu na uamuzi wa kisiasa nyuma yake.

Mtandao wenyewe nao una lake. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ya Tanzania, Kenya na majirani zao ikadorora kwa siku kadhaa. Ofisi iliyokuwa na seva ndani ya nchi iliweza angalau kuandikiana yenyewe kwa yenyewe. Hiyo ni hoja ya kukodi seva katika kituo cha data cha Dar es Salaam au Nairobi, chenye jenereta na mafundi wa zamu. Si hoja ya kuiweka ofisini, ambako umeme ukikatika UPS hulia kwa nusu saa kisha hunyamaza. Hata hivyo hofu ya kupoteza barua seva inapozimika hukuzwa mno. SMTP ilibuniwa kwa mitandao isiyotulia: seva ya mtumaji ikikuta mlango umefungwa huiweka barua kwenye foleni na kujaribu tena, na Postfix kwa mpangilio wake wa kawaida hujaribu kwa siku tano kabla ya kukata tamaa.

Uamuzi

Kampuni ya watu chini ya hamsini isiyo na fundi wake wa seva ichukue wingu la kulipia, kifurushi cha chini, na ielekeze nguvu zake kwenye DKIM, DMARC na uthibitisho wa hatua mbili. Kampuni ambayo siku nzima inaishi ndani ya kalenda za Outlook na mikutano ya Teams isijisumbue na huria kwa sababu ya barua pepe pekee. Watumiaji wataikataa kabla ya mwezi kuisha. Taasisi ya watu mia mbili na zaidi, chuo, au kampuni ya teknolojia yenye mafundi wawili wanaojua Linux, ina kila sababu ya kuendesha yake. Wawili, kwa sababu mmoja huugua, huoa, huhamia kampuni nyingine. Seva huria iliyoachwa na fundi wake bila maandishi ya namna ilivyopangwa ni mbaya kuliko njia nyingine yoyote iliyotajwa hapa.

Vyovyote itakavyoamuliwa, kikoa ndicho kitangulie. Jina la .co.tz au .co.ke lisajiliwe kwa jina la kampuni, kwa anwani ya barua ambayo si ya mtengeneza tovuti wala ya mfanyakazi mmoja. Mwenye kikoa anaweza kuhama kutoka seva moja hadi nyingine bila mteja hata mmoja kujua. Asiye nacho huombaomba.

Kuhama kwenyewe hufanywa kwa utaratibu. Idara moja hujaribiwa kwanza, kwa wiki mbili. Barua za zamani hunakiliwa kwa imapsync, programu huria inayosoma sanduku moja kwa IMAP na kuandika kwenye jingine, na ambayo inaweza kurudiwa bila kuzalisha nakala mbilimbili. Siku mbili kabla ya kuhama, muda wa rekodi ya MX kukumbukwa hushushwa hadi sekunde 300, ili dunia isikae na anwani ya zamani. Ijumaa jioni MX hubadilishwa. Jumamosi imapsync hupitishwa tena kuokota zilizoingia katikati, na Jumatatu mtu wa IT hukaa karibu na simu. Seva ya zamani huachwa ikiwaka kwa siku kumi na nne, kwa ajili ya mfumo uliosahaulika unaoendelea kuitumia, kisha huzimwa. Diski yake hufungiwa kabatini mpaka wakaguzi wamalize hesabu za mwaka huo.